Preampli tatu za lampi, Kamalondo: moja imeandikwa CELLULE. Zilitengenezwa kwa kazi gani?

#1 Fundi_Kamalondo

Jambo wakubwa wote. Hapa Kamalondo, Lubumbashi, ziko preampli tatu za lampi, yaani vikuza ishara vya mwanzo vinavyotumia mirija ya kioo. Hazina jina la kiwanda, vibandiko vya nyuma vimebanduliwa, karatasi ya mchoro hakuna. Hakuna iliyochomekwa kwenye umeme bado. Haya ndiyo yanayoonekana kwa macho na kwa mita:

Kasha A. Lampi mbili za ECC83 (kila moja ina nusu mbili za kukuza), moja kila upande. Milango miwili ya RCA imeandikwa PU. Kutoka mlangoni hadi masi (waya wa pamoja wa shasi) kuna 47 kΩ. Kutoka anodi (mguu wa kutokea) ya nusu ya pili ya lampi, mrejesho unarudi kwenye kathodi ya nusu ya kwanza, ukipitia 680 kΩ iliyo sambamba na 4.7 nF, kisha 56 kΩ iliyo sambamba na 1.3 nF. Rezista ya kathodi ni 1.5 kΩ.

Kasha B. EF86 na ECC83. Mlango mmoja umeandikwa TÊTE (kichwa). Swichi ina namba 19 na 38. Katika mrejesho kuna 2.2 nF iliyofuatana na 33 kΩ, na swichi ikigeuzwa inabaki 15 kΩ.

Kasha C. EF86, ECC82, na lampi ya tatu isiyo na filamenti, imeandikwa 90C1. Milango miwili: CELLULE I na CELLULE II, na swichi I–II. Upande wa kutokea kuna transfoma ndogo, 600 Ω. Chini kuna nyaya mbili nene zimetoka kwenye transfoma ya umeme hazikufungwa popote, kando yake wameandika 10 V.

Swali: kila moja ilikuwa ya kazi gani, na ipi inaweza kutumika leo?

#2 Katuba_Hifi

C ni rahisi. Cellule ni ile ya kusoma santuri, kichwa chenye sindano. I na II ni kushoto na kulia. Ni preampli ya gramafoni ya stereo. Chomeka tu meza ya santuri usikie.

#3 Mama_Kipimo

Fundi, usichomeke chochote kwenye C.

Yaya Katuba, Kifaransa kimekudanganya hapo. Neno "cellule" lina kazi mbili katika vifaa vya sauti. Ni kichwa cha kusoma santuri, kweli, lakini pia ni seli ya mwanga, ile inayosoma mstari wa sauti ulio pembeni mwa filamu ya sinema. Andiko peke yake haliwezi kukuambia ni ipi. Tazama mambo matatu aliyoyataja Fundi mwenyewe.

La kwanza, 90C1. Hiyo si lampi ya kukuza sauti, ni kituliza volti: ndani kuna gesi, na ikishawaka inashikilia volti 90. Gramafoni haina haja ya volti 90 tulivu. Seli ya mwanga inaihitaji sana. Seli za Philips za sauti ya filamu kama 90CG ni za gesi na kikomo chake ni volti 90. Ukizidisha, gesi ndani inawaka yenyewe na seli inaharibika, ndiyo maana wakaweka kituliza.

La pili, 10 V nene. Taa inayomulika mstari wa sauti kwenye projekta za 35 mm mara nyingi ilikuwa ya volti 10 na ampea 5 au zaidi. Nyaya nyembamba zisingebeba.

La tatu, swichi I–II. Kama ingekuwa stereo, kungekuwa na njia mbili za kukuza, kama kwenye A. Hapa njia ni moja na milango ni miwili. Ukumbi wa sinema ulikuwa na projekta mbili: bobina ya mita 600 ya filamu ya 35 mm inakwenda sentimita 45.7 kwa sekunde, yaani kama dakika 22, kisha fundi anahamia projekta ya pili bila kukata picha. Swichi hiyo ndiyo iliyohamisha sauti.

Fundi, thibitisha kwa mita, umeme ukiwa umezimwa: kutoka pini ya katikati ya CELLULE I hadi mstari wa 90C1 kuna omu ngapi? Na kutoka pini hiyo hadi gridi (mguu wa kuingilia) ya EF86 kuna kapasita gani?

#4 Katuba_Hifi

Aksanti Mama. Lakini je, volti 90 kupitia rezista kubwa zingeua kweli kichwa cha santuri?

#5 Mama_Kipimo

Inategemea kichwa. Tuseme rezista ni 1 MΩ. Kichwa cha sumaku chenye koili ya omu mia kadhaa kitapitisha mikroampea 90 hivi. Koili haitaungua, lakini wakati wa kuchomeka mshindo mkubwa utapita hadi kwenye spika, na sauti itatoka nyembamba bila besi, kwa sababu C haina marekebisho ya santuri. Kichwa cha kristali ni hatari zaidi: hakipitishi umeme wa moja kwa moja, kwa hiyo kinabaki na karibu volti zote 90 juu yake. Na hayo yote ni kama rezista bado nzima na hakuna mtu aliyewahi kuibadilisha.

#6 Likasi_Vipimo

Wakubwa, msikimbilie sinema. Hapa Katanga volti kwenye mlango wa kuingilia zina mshukiwa mwingine: kipimo cha mionzi. Mgodi wa Shinkolobwe ulitoa uranium hadi 1960, na vifaa vya kupima miamba vilitumika katika migodi na maabara. Preampli ya Geiger nayo inapeleka volti kwa waya uleule unaorudisha ishara.

Tofauti inaonekana kwenye kapasita ya mlangoni. Mrija wa Geiger hudai volti 400 au zaidi kulingana na aina, kwa hiyo kapasita ya kuzuia itakuwa ya 1000 V au hata zaidi, keramiki nene, na plagi ina kizuizi kipana cha plastiki au kaure kuzunguka pini. Ukikuta kapasita ya 250 V au 400 V, sahau Geiger.

Mshukiwa wa tatu ni mikro (maikrofoni) ya kapasita. Kapsuli yake inahitaji volti karibu 60, lakini kupitia rezista kubwa mno, 100 MΩ kwenda juu, kwa sababu kapsuli ina makumi machache tu ya pikofaradi. Rezista kama hiyo ni ya kioo au imepakwa vanishi, ndefu, na huwa haionekani kwenye mita ya kawaida, inasoma kama waya umekatika.

#7 Fundi_Kamalondo

Vipimo vya C: kutoka pini hadi mstari wa 90C1 ni 1.08 MΩ, rangi za rezista ni kahawia, nyeusi, kijani. Kapasita ni 10 nF, 400 V.

Halafu kuna kitu kingine nilichokuwa nimekidharau. Kwenye CELLULE II umebaki waya kama sentimita 40, mnene kama kidole lakini mwepesi. Ndani ni uzi mmoja mwembamba sana ukining'inia katikati ya mrija mtupu.

#8 Mama_Kipimo

Basi kesi ya C imekwisha, na huo waya ndio shahidi mkubwa. Usiutupe.

Sababu yake ni hii. Seli ina kizuizi cha 1 MΩ, na waya wowote ni kapasita inayonyonya sauti za juu. Waya wa kawaida wenye skrini una kama 100 pF kwa mita. 1 MΩ na 100 pF zinaanza kukata kwenye 1.6 kHz: maneno ya waigizaji hayaeleweki, herufi s zote zinapotea. Waya wenye hewa ndani unaweza kushuka hadi 20 pF kwa mita. Ongeza 10 pF za soketi na lampi, unafika 5.3 kHz. Mtu akibadilisha waya huo kwa waya wa mikro, ataishutumu lampi bure.

Kambi za wafanyakazi za kampuni ya migodi ya Union Minière zilionyeshwa sinema, na mjini kumbi zilikuwepo. Mashine ya projekta mbili na kutokea 600 Ω ni ya ukumbi wa kudumu wenye ampli kubwa mbali na chumba cha projekta. Projekta ya kubeba ya 16 mm ingekuwa na kila kitu ndani ya sanduku moja, na taa ndogo, kwa mfano ya 4 V na 0.75 A.

#9 Soda_60_40

Nami nichukue A na B, maana huko hakuna haja ya kubuni. Mtandao wa mrejesho unasema wenyewe. Zidisha omu kwa faradi, unapata muda (µs ni mikrosekunde), kisha linganisha.

A: 680 kΩ × 4.7 nF = 3196 µs. 56 kΩ × 1.3 nF = 73 µs. Santuri za kisasa, kanuni ya RIAA ya 1954 (ya kurekebisha besi na sauti za juu za santuri), zina 3180, 318 na 75. Ya katikati haionekani kama rezista na kapasita moja, inatokana na uwiano wa rezista mbili. Ili 318 itokee, kubwa inatakiwa kuwa mara 11.8 ya ndogo. 680 kwa 56 ni 12.1, inatoa kama 310. Hiyo ni preampli ya santuri, kichwa cha sumaku, bila shaka yoyote. PU ni pick-up, kichwa cha santuri, na 47 kΩ mlangoni ndiyo mzigo wa kawaida wa kichwa hicho.

B: 2.2 nF × 33 kΩ = 73 µs. 2.2 nF × 15 kΩ = 33 µs. Kanuni ya Ulaya kwa tepu ya bobina ni 70 µs kwa mwendo wa 19 cm/s na 35 µs kwa 38 cm/s. Swichi ya 19 na 38 inakubaliana. Kanuni ya Marekani, NAB, ingekuwa 50 µs kwa miendo yote miwili, kwa hiyo swichi isingehitajika kwenye mtandao huu. Ni preampli ya kusoma tepu, na mwendo wa 38 ni wa studio au redio, si wa nyumbani.

Kwenye B tafuta pia koili ndogo yenye kapasita sambamba. Kama ipo, ilitenganisha ishara na wimbi la kufuta la makumi ya kHz, maana yake preampli ilikaa ndani ya mashine inayorekodi pia. Kama haipo, ilikuwa ya kusoma tu.

#10 Ruashi_Tepu

Mukubwa Soda, kaseti ya kromu nayo ni 70 µs. B kwenye nafasi ya 19 inaweza kusoma kaseti?

#11 Soda_60_40

Namba inafanana, kazi haifanani. Kaseti ina 70 µs juu, lakini chini ina 3180 µs inayosimamisha besi kuanzia 50 Hz. Kanuni ya Ulaya ya bobina haina kizuizi hicho, kwa hiyo kaseti itatoa mvumo na mngurumo wa mota. Unaweza kurekebisha: 3180 µs ÷ 2.2 nF ni 1.45 MΩ, basi rezista ya 1.5 MΩ sambamba na tawi lote la mrejesho itakaribia. Ila tatizo kubwa ni kichwa cha kaseti chenyewe, ishara yake ni ndogo kuliko ya bobina ya 38, na mchachato wa lampi utakuwa karibu mno na muziki. Kaseti za kawaida, zisizo za kromu, ni 120 µs, hizo usijaribu kabisa hapo.

#12 Fundi_Kamalondo

Koili ipo, ndani ya kopo la alumini, karibu na mlango wa TÊTE. Sasa niziwashe vipi bila kuua kitu?

#13 Soda_60_40

Kwa utaratibu huu, na usiruke hatua.

Tazama kwanza kichagua volti. Makasha ya zamani mara nyingi yana 110, 127 na 220. Kikiwa kwenye 127 na ukuta ukitoa 220, transfoma inaungua ndani ya dakika. Umeme wa mtaa ukipanda hadi 240, chagua 240 kama ipo.

Soma herufi za kwanza za lampi. E ni filamenti ya volti 6.3, sawa. Ukikuta lampi zote zinaanza na U, kama UCL82 na UY85, simama: mara nyingi hazina transfoma ya umeme na shasi imeungwa moja kwa moja na waya wa ukutani. Hizo za kwako ni E, lakini wengine wanaosoma hapa watakutana nazo.

Fuatanisha taa ya filamenti ya 40 W na waya wa umeme. Iwe ya filamenti, ya LED haifanyi kazi hii. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, vizuri. Ikibaki inang'aa, kuna mfupisho, zima.

Kapasita za karatasi zenye nta kati ya anodi ya lampi moja na gridi ya inayofuata: badilisha zote, polipropilini ya 400 V au 630 V. Zikivuja, volti za anodi zinaingia kwenye gridi, lampi inapitisha umeme kupita kiasi na rezista ya anodi inageuka mkaa. Ukitaka ushahidi kabla ya kubadilisha, pima volti ya gridi: inapaswa kuwa karibu sifuri. Hata 0.2 V kwenye gridi yenye 1 MΩ ni uvujaji.

Kapasita za mtandao wa mrejesho, za mika au stairofleksi, usiziguse. Huharibika mara chache sana, na ukiziondoa umefuta ushahidi pekee wa kazi ya kasha.

Kabla ya kuingiza mkono: 10 kΩ ya wati 5 kutoka kapasita kubwa hadi masi, hesabu hadi tano, kisha pima tena kwa mita. Usitumie bisibisi.

#14 Mama_Kipimo

Na transfoma ndogo za kuingilia au kutokea, zile za kopo la kijivu: usizipime kwa skeli ya omu. Umeme wa moja kwa moja wa mita unaweza kuutia usumaku moyo wake, hasa zile za mikro. Tia 1 kHz ya 100 mV upande wenye mizunguko mingi, soma upande wa pili. Uwiano wa 1:10 hadi 1:15 ni mikro. 1:1 ni laini ya 600 Ω.

#15 Fundi_Kamalondo

A imewaka salama. Nimetia ishara ya simu, 0.5 V, nikaipunguza kwa 100 kΩ na 1 kΩ hadi 5 mV hivi. Kutokea kwa multimita: 1 kHz 230 mV, 100 Hz 1.05 V, 10 kHz 12 mV. Hii ya mwisho inaonekana ndogo mno. Lampi imechoka?

#16 Mama_Kipimo

Lampi haijachoka, ni mita. Multimita za bei ndogo husoma vizuri umeme wa 50 Hz na kidogo zaidi ya hapo. Kwenye 10 kHz zinasoma pungufu mno, na mtu asiyejua atayaona mapreampli yote yanapunguza sauti za juu, ataita kila kasha "ya santuri".

Tumia kadi ya sauti ya kompyuta, ukiilinda kwa 100 kΩ na 10 kΩ. RIAA inapaswa kukupa, ukilinganisha na 1 kHz: dB (desibeli) 13.1 juu kwenye 100 Hz, dB 13.7 chini kwenye 10 kHz. Yaani kwa 230 mV utegemee 1.04 V na 47 mV. Ya 100 Hz tayari umeipata.

Kwa B kwenye 19, mkunjo ni mwingine: dB 19 juu kwenye 100 Hz, dB 7.7 tu chini kwenye 10 kHz. C itakuwa karibu tambarare hadi kHz kadhaa. Mikunjo hiyo mitatu inatosha kutenganisha makasha hata kama maandiko yote yamefutika.

#17 Likasi_Vipimo

Kuhusu umri: soma alama ndogo kwenye kioo karibu na miguu ya lampi za Philips. Ya kwanza ni kiwanda: pembetatu ni Heerlen, Uholanzi, B ni Blackburn, Uingereza, D ni Hamburg. Inafuata tarakimu ya mwaka, herufi ya mwezi kuanzia A kwa Januari, na wiki. Mwaka una tarakimu moja tu, kwa hiyo 8 inaweza kuwa 1958 au 1968. Lampi pia hubadilishwa, basi amini tarehe pale lampi zote zinapokaribiana.

#18 Fundi_Kamalondo

Kwa kadi ya sauti, A kwenye 10 kHz imetoa 48 mV. B kwenye 19: juu 18.6, chini 7.4. Kwenye C nimetia ishara kupitia 100 nF ya 400 V ili kuzuia zile 90: tambarare hadi 4 kHz, kisha inashuka. 90C1 imewaka, mstari una volti 89.

Seli ya 90CG sina. Fotodayodi ya BPW34 ingefaa?

#19 Mama_Kipimo

Ingefaa, ila si kwa volti 90: kikomo chake ni 60 au pungufu, kulingana na mtengenezaji. Gawa mstari hadi volti 15 kwa rezista mbili, weka kapasita ya 1 µF hadi masi hapo katikati, kisha badala ya 1 MΩ tia 100 kΩ. Kathodi ya dayodi ielekee upande wa volti chanya. Kwa 100 kΩ hata waya wa kawaida wa mita moja hautakata sauti za juu hadi kama 16 kHz. Rezista ya zamani ifunge kwenye karatasi uibandike ndani ya kasha.

Jaribu kwa taa ya filamenti inayotumia umeme wa ukutani: utasikia mvumo wa 100 Hz, maana mwanga wake hupiga mara mbili kwa kila wimbi la 50. Tochi ya betri haitatoa sauti hadi upitishe meno ya kitana mbele yake. Na kwa sababu hiyohiyo taa ya projekta ilishe kwa umeme wa moja kwa moja, volti 10 zilizochujwa vizuri. Zile nyaya nene za kasha, pima kwanza kama kabla yake kuna kirekebisha-umeme. Kama hakuna, kilikuwa nje, na kimepotea.

#20 Fundi_Kamalondo

Hakuna, ni umeme wa kupishana, 10.6 V bila mzigo. Pembeni kuna mashimo manne ya skrubu na alama ya joto kwenye rangi, sahani za seleniumu zilikaa hapo.

A inakwenda kwenye meza ya santuri. B inasubiri mashine ya bobina. C nimeiandikia juu kwa rangi nyekundu: SELI YA MWANGA, VOLTI 90, SI SANTURI.